Nani anakesha? Tathmini ya programu za barua pepe za simu baada ya kuhamia usawazishaji mpya

Arifa ya meli ikitumwa saa tatu asubuhi na simu ya karani ikaionyesha saa saba mchana, lawama huenda kwanza kwa netiwaki, kisha kwa karani. Mara nyingi mwenye kosa ni wa tatu ambaye hatajwi: ile programu ya barua pepe iliyo kwenye simu, na namna inavyoisikiliza seva. Kwa afisi za uwakala wa forodha, kuanzia Moi Avenue mpaka Shimanzi hapa Mombasa, saa nne hizo zina bei. Kontena likimaliza siku zake za bure pale Kilindini, gharama za hifadhi hazingoji mtu awashe kioo cha simu.

Katika miaka michache iliyopita programu karibu zote za barua pepe zimehama, au zimehamishwa kwa nguvu. Microsoft iliinunua programu ya Accompli Desemba 2014, ikaitoa upya kwa jina la Outlook Januari 2015, na baadaye ikaiondoa kwenye REST API, njia yake ya awali ya kuongea na seva, ikaitia kwenye teknolojia yake mpya ya usawazishaji (sync). Google iliacha kupokea nenosiri peke yake kutoka kwa programu nyingi za nje kwenye akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ikafuata kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua za makampuni, kuanzia 1 Oktoba 2022. K-9 Mail, iliyopendwa na mafundi kwa miaka mingi, ilizaa Thunderbird ya Android iliyotoka tarehe 30 Oktoba 2024. Na pembeni kuna itifaki changa, JMAP, iliyoandikwa rasmi 2019 ili kuirithi IMAP, njia ya zamani ya kusoma barua zikiwa kwenye seva.

Tathmini nyingi hupima sura: rangi, vitufe, kutelezesha kidole kushoto au kulia. Hapa tunapima jambo moja zaidi ya mengine yote. Simu ikiwa mfukoni, kioo kimezimwa, nani anakesha akingoja barua?

Kamba inayokatika katikati

Kwenye IMAP ya kawaida, anayekesha ni simu yenyewe. Ukiyatazama mazungumzo yake na seva, ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Simu huandika `A007 IDLE`, yaani "nangoja". Seva hujibu `+ idling`, kisha kimya. Barua ya 43 ikiingia kwenye kikasha, seva hutamka `* 43 EXISTS`. Simu husema `DONE`, huomba vichwa vya barua hiyo, kisha hurudi kwenye IDLE. Kanuni ya mpango huu, RFC 2177 ya mwaka 1997, inaitaka simu iamke na kuanza IDLE upya kabla ya dakika 29, kwa kuwa seva ina ruhusa ya kumkata mteja aliyenyamaza nusu saa.

Shida haipo kwa simu wala kwa seva. Ipo kwa walio kati yao. Kampuni ya simu hukupa anwani ya IP unayogawana na wateja wengine, na mtambo unaogawa anwani hizo hutunza orodha ya mawasiliano yaliyo wazi. Aliyekaa kimya hufutwa kwenye orodha, mara nyingi mapema kuliko hizo dakika 29, na hakuna anayeambiwa. Simu inaamini bado imeshika kamba, seva nayo inaamini hivyo hivyo, kumbe kamba imekatika kama ya ngalawa usiku. Ndiyo sababu barua tano huingia kwa mkupuo pale tu mtu anapofungua programu. Hazikuja pamoja. Zilikuwa kwenye seva tangu asubuhi.

Ongeza hapo Android yenyewe. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila kuguswa huingia kwenye Doze, na programu za nyuma hunyimwa mtandao isipokuwa kwa vipindi vifupi. Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwa watu kuanzia Kongowea hadi Mwembe Tayari, zina ulinzi wao wa betri juu ya ule wa Android. Na mabati ya godauni yanamaliza kazi iliyobaki: ukiingia katikati ya kontena mawasiliano hupungua, ukitoka simu inaunganishwa upya, na kamba ile ya zamani imekwisha.

Exchange ActiveSync, itifaki ya Microsoft, huifanya kazi hii kwa ufundi zaidi. Simu hutuma amri ya Ping kwa HTTPS, poti 443, ikizitaja folda zote inazozijali na muda ambao iko tayari kungoja. Seva hulikalia ombi hilo mpaka kitu kibadilike au muda uishe. Majibu yakirudi salama, simu hurefusha muda wa kungoja. Ikiona imekatwa njiani, huufupisha. Yaani inajifunza tabia ya mtandao iliyomo, jambo ambalo IDLE peke yake haikuzaliwa nalo.

Njia ya tatu ni kumwachia mtu wa kati. Huduma ya arifa ya Google kwenye Android, au ya Apple kwenye iPhone, hushika kamba moja tu kwa ajili ya programu zote, na hiyo moja inaruhusiwa kuiamsha simu hata ikiwa Doze. Anayekesha ni seva, na simu hulala kweli. Kwa betri na kwa bando, hii ndiyo bora. Swali linabaki la uaminifu: huyo wa kati anashika nini chako?

Outlook: kazi nzuri, lakini ujue barua zinapita wapi

Kwa afisi iliyo kwenye Microsoft 365, hakuna sababu nzuri ya kutumia programu nyingine. Usawazishaji mpya ndio ulioleta kitu ambacho afisi za forodha zinakihitaji kuliko chochote: sanduku la pamoja. Ile anwani ya docs@ ambayo mawakala wa meli hutumia kutuma arifa na BL (hati ya shehena), inayosomwa na watu sita, sasa huongezwa kwenye simu ya kila mmoja kwa akaunti yake mwenyewe, mradi msimamizi amempa ruhusa kamili. Hakuna nenosiri la docs@ linalozunguka kwa WhatsApp. ActiveSync ya kawaida, kama ile inayotumiwa na Mail ya iPhone, haifungui masanduku ya pamoja kabisa.

Kuna faida nyingine ambayo wafanyakazi huigundua wakichelewa. Akaunti ya Exchange iliyotiwa kwenye programu ya barua ya simu yenyewe inaweza kumpa msimamizi uwezo wa kuifuta simu nzima, picha za harusi zikiwemo. Kwenye Outlook kinachofutwa ni data ya kazi iliyo ndani ya programu hiyo tu. Mfanyakazi anayetumia simu yake binafsi aambiwe tofauti hii kabla hajakubali lolote.

Kampuni yenye seva yake ya Exchange ndani ya jengo iangalie zaidi. Kwa mpango wa mseto wa uthibitishaji wa kisasa, ambapo watumiaji huthibitishwa kupitia wingu la Microsoft, kinachonakiliwa kwenda kwenye wingu la Microsoft ni barua za wiki nne, kalenda yote, majina yote na ujumbe wa kutokuwepo afisini. Anayetarajia kuona BL ya miezi mitatu iliyopita papo hapo atapigwa na butwaa.

Sasa upande mgumu. Ukiingiza akaunti ya IMAP kwenye Outlook ya simu, tuseme ile ya kampuni.co.ke, simu haiongei na seva yako moja kwa moja. Wingu la Microsoft ndilo linaloingia kwenye seva kwa nenosiri lako, linazichota barua, kisha linaisukumia simu. Arifa hufika haraka, ni kweli. Lakini kumbukumbu za seva zitaonyesha anwani za IP za Microsoft, si za Safaricom wala Airtel, na seva iliyowekewa kizuizi cha kukataa wanaoingia kutoka nje ya Kenya itaikataa Outlook kila siku huku Thunderbird kwenye simu hiyo hiyo ikifanya kazi. Fundi asiyejua hili anaweza kupoteza alasiri nzima akibadilisha nenosiri. Kisheria pia kuna la kufikiria: nakala za pasipoti na PIN za KRA za wateja zimo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa data inayopelekwa nje ya nchi.

Thunderbird ya Android: ndiyo chaguo letu kwa seva ya kawaida

Afisi nyingi ndogo zina barua pepe zilizokuja pamoja na tovuti, kwenye seva ya cPanel, jopo la kuendeshea tovuti, na chini ya cPanel barua husimamiwa na programu ya Dovecot. Hapo hakuna ActiveSync wala JMAP. Kuna IMAP, na Thunderbird inaishughulikia IMAP vizuri bila mtu wa kati: nenosiri liko kwenye simu, barua zinatoka kwenye seva hadi kwenye simu, basi.

Kuiweka si kazi ikiwa Thunderbird ya kompyuta ipo. Fungua menyu ya zana, chagua kuhamishia simu, tiki akaunti unazozitaka na uamue kama nenosiri liende pamoja, kisha uisomeshe simu msimbo wa QR ulio kwenye kioo. Akaunti zikiwa nyingi, misimbo huwa zaidi ya mmoja, na simu hukuambia imebaki mingapi. Anayetoka K-9 kwa faili la mipangilio ajiandae kuandika manenosiri upya, kwa sababu hayamo kwenye faili.

Anayeandika kwa mkono ajaze hivi: seva ya kuingiza ni mail.kampuni.co.ke, poti 993, SSL/TLS. Ya kutuma ni hiyo hiyo, poti 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kilicho baada yake. Kosa la kuandika jina la mwanzo peke yake ni la kila siku, na jibu la seva huwa "nenosiri si sahihi", linalompeleka mtu mahali pasipo na tatizo.

Cheti, kile kitambulisho cha seva, ndipo pa kutulia. Programu ikilalamika kwamba jina la cheti halifanani na jina la seva, inakupa kitufe cha kukubali. Usikibonyeze. Ukikubali, programu hukumbuka cheti kile kimoja. Vya Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, huisha baada ya siku 90, na kikibadilishwa simu itakataa kuingia tena. Kwa mtumiaji, barua "zimeacha kuja" bila sababu, na baada ya miezi michache mchezo unarudi. Dawa ni kuandika jina lile lililomo ndani ya cheti, ambalo mara nyingi ni jina la seva ya kampuni iliyokuuzia nafasi, au kuwaambia watoe cheti chenye jina la mail.kampuni.co.ke.

Kisha kukesha. Thunderbird ikiwashiwa kupokea papo hapo, huweka arifa ya kudumu juu ya kioo kwamba inangoja barua. Watu huiona kama uchafu na kuiondoa. Arifa hiyo ndiyo kibali chake cha kubaki hai. Unaweza kuinyamazisha, si kuiua. Kwenye Android 14 na kuendelea itaomba pia ruhusa ya kengele na vikumbusho. Ombi hilo huwashangaza watu, kwani barua pepe na kengele wapi na wapi? Ni ile saa ya kuamka kufanya IDLE upya: bila ruhusa ya kengele kamili, Android huichelewesha na kamba hukatika. Baada ya hapo nenda Mipangilio, Programu, Thunderbird, Betri, na uchague isiwekewe vikwazo. Kwenye Tecno na Infinix fungua pia Phone Master, tafuta sehemu ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, uiruhusu. Kwenye Samsung hakikisha haimo katika orodha ya programu zinazolazwa.

Zima kupokea papo hapo kwa folda zote isipokuwa kikasha. Kila folda inayokeshewa hufungua muunganisho wake, na tutaona chini jinsi hilo linavyofunga afisi nzima.

Wengine, kwa haraka

FairEmail, nayo ya Android peke yake, ni ya fundi. Ina mipangilio mingi mno kwa karani, lakini ina jambo moja ambalo wengine hawana: inaweza kujirekebishia yenyewe muda wa kubisha hodi kwenye seva kulingana na mtandao uliopo, karibu kama ActiveSync inavyofanya. Kwa mtu anayeshinda bandarini na kurudi kwao Likoni kwa feri, mtandao ukibadilika mara kumi kwa siku, ni hirizi nzuri. Msingi wake ni bure, na vipengele vya ziada hulipiwa mara moja.

Programu ya Gmail ni bora kwa akaunti ya Google na ya wastani kwa nyingine zote. Ukiitilia akaunti ya IMAP ya kampuni, haikeshi: hubisha hodi kila dakika 15 kwa uchache. Kwa barua za shule ya watoto si neno. Kwa arifa ya meli, ni dhaifu. Anayeisoma Gmail kupitia programu nyingine akumbuke mipaka miwili ya Google: miunganisho 15 ya IMAP kwa wakati mmoja, na megabaiti 2,500 za kushusha kwa siku. Sanduku la gigabaiti 10 likishushwa lote haliishi siku moja, na ukilazimisha, akaunti hufungiwa kwa muda. Nenosiri la programu la herufi 16, lile ambalo Google hukupa kwa ajili ya programu ya nje, linahitaji uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa, na ukibadilisha nenosiri kuu, yale ya programu hufutwa yote.

Mail ya iPhone husukumiwa barua za Exchange na iCloud papo hapo. Kwa IMAP ya kampuni, huchota kila dakika 15, 30 au saa nzima. Na lile chaguo la kuchota kiotomatiki hungoja simu iwe kwenye chaji na Wi-Fi. Watu huliacha hilo kwa sababu ndilo lililokuja, kisha hulalamika.

JMAP yenyewe ni nzuri sana. Simu haiulizi folda moja moja. Husema "hali niliyo nayo ni hii", na seva hurudisha yaliyobadilika tangu hapo tu, kwa JSON juu ya HTTPS. Mtandao ukikatika katikati ya Makupa, hakuna kikao cha kujenga upya. IMAP ina viraka vinavyokaribia hapo, CONDSTORE na QRESYNC vya RFC 7162, ila seva na simu zote mbili lazima zivikubali. Fastmail ya Australia, waliokuwa mbele kuiandika JMAP, wanaitumia kwenye programu yao. Kwa Android kuna Ltt.rs, ndogo na safi. Kwa anayejiwekea seva, Stalwart, Cyrus na Apache James zinaijua. Lakini afisi iliyo kwenye cPanel haitaipata kwa kubadilisha programu ya simu; ni seva ndiyo inayopaswa kuhama. Kwa sasa tunaipa sifa, hatuiagizii mtu.

Siku ya kuhama

Usianze na simu ya bosi. Chukua moja ya karani, tena siku ambayo hakuna meli nyingi.

Kabla ya kugusa kitu, angalia barua zilizokwama zikisubiri kutoka, na rasimu. Zile ambazo hazijafika kwenye seva zitapotea na akaunti ya zamani. Kisha majina: Outlook huweza kuwa imeyaandika majina ya kazi kwenye kitabu cha simu, na akaunti ikiondolewa majina hayo huondoka nayo. Yatoe kwenye faili kwanza. Ukirudisha akaunti bila kuzima kwanza usawazishaji wa majina, usishangae kukuta kila mteja ameandikwa mara mbili.

Programu mpya iwekwe pembeni ya ile ya zamani, si badala yake. Fungua folda ya barua zilizotumwa kwenye zote mbili na ulinganishe. Mara nyingi utakuta kompyuta inahifadhi kwenye Sent Items na simu mpya inahifadhi kwenye Sent, na mtu anaapa kwamba alituma barua ambayo mwenzake haioni. Rekebisha kwenye mipangilio ya folda za akaunti, uchague moja. Programu ikiwa imewekwa kuonyesha folda zilizosajiliwa tu, folda za wateja zinaweza kuonekana kama zimefutwa, kumbe zipo.

Kisha jaribio lenyewe. Zima Wi-Fi, acha data, funga kioo, weka simu mezani dakika 40 bila kuigusa. Dakika 40 kwa sababu zinapita zile 29 za IDLE na zinaipa Doze nafasi ya kuingia. Tuma barua kutoka anwani nyingine na uangalie arifa inaingia baada ya muda gani, bila kuwasha kioo. Ikiingia pale tu unapoigusa simu, rudi kwenye betri na ruhusa ya kengele. Jaribio la dakika tano halina thamani. Kila programu hulipita.

Bando pia lipigiwe hesabu. Kiambatisho kwenye barua pepe huandikwa kwa base64, hivyo huvimba kama asilimia 37. BL ishirini za megabaiti 3 kwa siku ni 60 machoni pako, lakini karibu 82 kwenye bando. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya gigabaiti 2.1, kwa simu moja. Weka kikomo cha kushusha barua, kilobaiti 32 kwa mfano: maandishi yatafika yote, PDF itangoja uiguse. Na usiache programu mbili zikikesha kwenye akaunti moja baada ya jaribio kuisha. Unalipa mara mbili.

Yanayoharibika wiki ya pili

Barua zinatoweka kwenye simu baada ya wiki mbili. Hakuna virusi. Kompyuta ya zamani ya mapokezi bado inatumia POP3, njia ya zamani ya kushusha barua kwenye kompyuta moja, na Outlook ya kompyuta huja na mpangilio wa kufuta barua kwenye seva baada ya siku 14. IMAP ni kioo cha seva: kilichofutwa huko kimefutwa kwenye simu zote. Ihamishe kompyuta hiyo kwenda IMAP, ukishapandisha nakala zake za zamani kwenye seva.

Ukishafanya hivyo, sanduku linajaa. Afisi iliyozoea POP ilikuwa ikihifadhi barua kwenye kompyuta. Sasa kila kitu kinakaa kwenye seva, na nafasi ya gigabaiti moja haifiki mbali. Likijaa, anayejua kwanza ni mtumaji, kwani barua humrudia. Ongeza nafasi kabla ya kuhama.

Simu ya tano au ya sita inakataliwa, lakini ikitolewa kwenye Wi-Fi inafunguka. Dovecot kwa kawaida huruhusu miunganisho 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja ya IP. Watu sita wakiisoma docs@ kwa nenosiri moja, kila simu na miunganisho miwili, ni 12, na Wi-Fi ya afisi ni anwani moja. Baadhi ya wauzaji wa nafasi hukipandisha kikomo hicho wakiombwa. Kupunguza folda zinazokeshewa hutibu zaidi.

Mbaya kuliko hilo ni pale afisi yote inapofungiwa siku moja baada ya kubadilisha nenosiri. Dalili yake ni hiyo hiyo, wa data wanaingia na wa Wi-Fi hawaingii, ila hapa hata tovuti ya kampuni huenda isifunguke kutoka afisini. Kuna kifaa kinachojaribu nenosiri la zamani kila dakika, na ulinzi wa seva umeifunga IP nzima. Kuomba ifunguliwe bila kukipata kifaa hicho ni kupoteza muda. Itafungwa tena baada ya dakika chache. Kwa kawaida si simu ya mtu aliyepo. Tafuta tableti iliyochomekwa kwenye chaji stoo, au simu ya zamani ya kampuni iliyoachwa kwenye droo na laini yake ikiwa imetolewa, Wi-Fi ikiwa bado imewashwa.